Jina la Samaki wa Buluu

Bwenini, Rhotia
Jumapili, 24 Agosti 2025

Dada yangu mpendwa Naserian,

Leo nimejiahidi kwamba nitakueleza yote, na nikifika penye ugumu sitaparuka. Kwa hiyo usishangae barua ikiwa ndefu, na nakuomba usimsomee mama, Yeyo wetu, kabla hujaimaliza mwenyewe.

Takwenya, dada. Hamjambo huko Nainokanoka? Mgongo wa Yeyo unaendeleaje, na Koko, bibi yetu, bado anakohoa asubuhi? Ndama wa yule ng'ombe mwenye baka jeupe machoni ameanza kula majani? Huku Agosti hii ni ukungu mpaka saa nne. Mahindi yamevunwa, watu wanapiga maharage uwanjani, na vumbi lake linaingia hadi darasani. Mimi ni mzima wa mwili. Nasoma kwa bidii, na katika mtihani wa nusu muhula nilikuwa wa tatu. Sabuni uliyonitumia ilifika.

Likizo iliyopita nilikuambia kwamba shule yetu imepewa tangi la samaki. Hoteli moja ya watalii ilikuwa inabadilisha vyombo vyake, ikatuletea tangi la kioo lenye urefu wa kitanda cha mtoto, pamoja na pampu ya hewa, taa na hita ya kupasha maji joto. Koko alicheka sana, akauliza kama shule imeanza kunilisha samaki. Mwambie sijawala. Hawa ni wadogo kuliko kidole chake, na kazi yao ni kutazamwa.

Mwalimu Evarista wa Baiolojia alichagua wasichana wawili wa kulitunza: mimi na Dorkasi. Dorkasi ni Mwiraqw wa hapa hapa Rhotia. Ndiye rafiki yangu wa kwanza shuleni na, nikisema kweli, wa pekee. Majina yetu yaliposomwa darasa zima lilicheka kwamba Mmasai amepewa zizi la maji. Eunike, ambaye hawezi kuacha utani upite, aliniuliza kama nitawapeleka malishoni kwa fimbo. Dorkasi akamjibu kwamba fimbo ipo, na itaanzia kwake.

Kazi ya kuchagua samaki sikuidhania kuwa kazi. Mwalimu alitufundisha kwamba amani ya tangi hutengenezwa kabla samaki hajaingia majini. Kwa wiki nne tangi lilikuwa na mchanga, mawe, majani na maji peke yake, pampu ikinguruma, na wanafunzi walipita dirishani wakiuliza kama samaki wetu ni wa kuonekana kwa hadubini. Sisi tulikaa mezani na daftari. Kila samaki tuliyemtamani ilibidi tumuulizie kama anavyouliziwa mkwe: anataka maji ya joto au ya baridi, atakua kiasi gani, anakaa juu au chini, anaishi na kundi au peke yake, na akikasirika anafanya nini. Dorkasi aliwataka wale wa rangi ya dhahabu aliowahi kuwaona hotelini. Mwalimu alisema hao wanapenda maji ya baridi, wenzao wangetetemeka. Kisha akawataka perege wadogo wa upande wa Baray, kwa sababu mjomba wake analima kitunguu kule na angetuletea bure kwenye ndoo. Mwalimu alisema tungempokea mtoto leo, na kabla ya Krismasi angekuwa amewameza wenyeji wote.

Mimi nilitoa wazo la nyumbani. Nilisema tuchague samaki wa mama mmoja, kwa sababu wanyama waliolelewa zizi moja wanajuana na hawachomani pembe. Mwalimu hakucheka. Alisema kwa wengine ni kweli, wapo wadogo ambao hufa kwa hofu wakikosa ndugu wa kuogelea nao. Lakini alituonya juu ya mmoja anayeitwa mpiganaji. Huyo, alisema, hana shida na wageni. Anaweza kukaa na wale wadogo wenye mstari wa kung'aa, na wale wenye ndevu wanaochambua mchanga chini, asiwaguse. Asiyemvumilia ni yule anayefanana naye. Maneno hayo niliyaandika nikayapigia mstari, nikidhani ni ya mtihani tu.

Samaki waliletwa na Wilson, yule dereva wa watalii ambaye ndiye atakayekuletea barua hii. Aliwatoa kwa mfugaji mmoja wa Arusha, wakiwa kwenye mifuko ya maji ndani ya boksi lililofunikwa koti lake. Walikuwemo wadogo wenye mstari, wenye ndevu, na wapiganaji wawili, madume, mmoja wa buluu na mmoja mwekundu. Mwalimu aliagiza wawili makusudi ili tujifunze. Wa buluu alipewa tangi pamoja na wenzake. Mwekundu aliwekwa pembeni kabisa, nyuma ya ukuta wa plastiki nyeusi wenye matundu madogo, ili wagawane joto la maji bila kuonana. Alisema mbele ya darasa lote kwamba ukuta huo usiinuliwe kamwe, kwa sababu wakionana, mmoja hatabaki.

Basi tukawa na tangi la amani. Mwalimu aliponiuliza samaki wangapi wamefika, nilimjibu kwamba yule mwenye mkia uliochanika yupo, yule mvivu yupo, na yule anayelala juu ya jiwe yupo. Alisema anauliza hesabu. Nikamwambia kwetu hatuhesabu walio hai, tunawajua tu, na hakuna aliyekosekana. Dorkasi alicheka mpaka akakaa chini, akawahesabu yeye. Umeme ulipokatika jioni za Juni tulilifunika tangi kwa shuka langu jekundu ili maji yasipoe. Nilikuwa na furaha, dada. Nataka ulijue hilo kwanza.

Sasa ndipo penye ugumu.

Jumatatu moja ya Julai nilitoka kufua, nikakuta Dorkasi amebandika karatasi kwenye kioo, upande wa yule wa buluu. Alikuwa amempa jina. Alikuwa ameliandika kwa kalamu ya rangi, akachora na maua pembeni, na alikuwa ananiangalia usoni kama mtu aliyetoa zawadi na anasubiri ifunguliwe.

Lilikuwa jina la yule aliyekuwa kati yako na mimi.

Sitaliandika hapa. Unalijua. Lakini tangu siku ile hatujawahi kuzungumza habari zake mimi na wewe, kwa hiyo acha nikueleze ninavyokumbuka, halafu utanirekebisha. Nakumbuka Desemba ile aliponunuliwa sweta ya shule Karatu, fundi akamshonea jina lake ndani ya shingo kwa uzi wa njano. Nakumbuka alivyoivaa bomani mchana wa jua kali, jasho likimtoka, akikataa kuivua hata Koko alipomwambia ataiva kama kiazi. Aliivaa siku hiyo moja tu. Halafu homa. Halafu wewe ulivyombeba mgongoni mpaka barabarani kwenye ukungu, na ulivyorudi peke yako. Nakumbuka Yeyo akiwa ameketi mlangoni na sindano yake ya shanga, anafumua uzi wa njano, herufi moja baada ya nyingine. Yule mtoto wa boma la jirani aliyekuwa na jina lile akapewa jingine, na kwa miezi mingi ilibidi aitwe mara tatu ndipo ageuke. Mwaka uliofuata nikaja shule mimi, na sweta ile. Mikono yake ilikuwa mirefu. Uzi haupo, lakini sindano ya fundi ilikuwa nene, na ukiinua sweta kwenye jua matundu bado yapo.

Kwa miaka miwili na nusu sikuwa nimelisikia jina lile kwa kinywa cha mtu. Ghafla nikawa nalisikia kila asubuhi. Wanafunzi walichungulia dirishani wakiulizana kama amekula, kama ameamka, kwa nini leo amenuna. Eunike alisema jina la kike kwa dume lile ni matusi, akawa analiita kwa madaha kwenye foleni ya uji. Nilipokuwa nikipita kwenye ukungu nililisikia likitajwa mbele yangu bila kumwona anayelitaja. Kwenye daftari la zamu tulitakiwa tuandike jina la kila samaki aliyepewa jina. Dorkasi aliliandika. Mimi niliandika tu, samaki wa buluu amekula. Dorkasi akanitania kwamba nina wivu na samaki. Sikuweza kumwambia lolote, kwa maana kueleza kwa nini jina halitajwi ni kumtaja mwenye jina.

Utaniuliza kwa nini sikumwomba tu alibadilishe. Nimejiuliza hilo mara nyingi, na jibu lake ni aibu yangu ya kwanza. Sikumwomba kwa sababu nilikuwa naamka mapema ili nilisikie.

Mwishoni mwa Julai, alasiri moja, nilikuwa peke yangu maabarani, mbele ya tangi. Nikalisema. Sikukusudia, lilitoka lenyewe, kwa sauti ya kawaida, kama tulivyokuwa tukimwita arudi na maji. Yule samaki alikuwa amejificha kwenye majani. Alitoka, akaja moja kwa moja mpaka kwenye kioo, akasimama mbele yangu akipepea mapezi. Mwalimu amenieleza baadaye kwamba samaki wa aina hii humjua anayemlisha na humfuata. Naamini. Lakini saa ile nililia kwa furaha, na kesho yake nikalisema tena, na keshokutwa. Nilimweleza habari za nyumbani. Nilimweleza kwamba ng'ombe wake mwekundu amezaa.

Ikapita wiki. Siku ya mwisho taa ya tangi ilikuwa imewashwa na nje kulikuwa kumefunga ukungu, kwa hiyo kioo kilinirudishia sura yangu. Niliona msichana mwenye sweta. Nikaita. Samaki akaja akasimama penye shingo ya yule msichana, pale pale ndani ya shingo, na sura niliyoiona juu yake haikuwa yangu. Unajua tulivyofanana. Wageni walikuwa wakituchanganya. Nilikumbuka Koko alivyotukataza tusimwite, asije akageuka akiwa njiani akakosa anakokwenda. Nikawaza kwamba nimemgeuza. Nimemwita kila siku kwa wiki nzima, naye amegeuka, amekuja kusimama kwenye maji ya Rhotia, mahali asipomjua mtu ila mimi.

Nilitaka jina linyamaze. Hilo ndilo nililotaka, dada, na sikutaka kingine.

Jumamosi ya tarehe tisa ilikuwa zamu ya Dorkasi kusafisha tangi. Alikuwa na mazoezi ya kwaya, akaniomba nimshikie zamu, na kwenye daftari likabaki jina lake. Nilibadilisha maji vizuri, nikafuta kioo, nikawalisha wote. Kisha nikauinua ule ukuta mweusi, nikauweka juu ya meza.

Mwanzoni hawakufanya kitu. Halafu waliona. Kila mmoja alitanua mashavu na mapezi mpaka akawa mkubwa mara mbili, nao walikuwa wazuri kuliko nilivyowahi kuwaona, wakizungukana polepole kama wanaocheza. Ningeweza kuurudisha ukuta wakati ule. Nilichukua shuka langu, lile tulilowapashia joto, nikalifunika tangi, nikaenda kufua.

Jumatatu asubuhi nilisikia mlango wa maabara ukifunguliwa, na mtu akapiga kelele kwamba amekufa. Hakusema samaki amekufa. Alisema jina, kisha akasema amekufa. Wa pili akarudia, na wa tatu, likaenda mpaka uwanja wa paredi. Eunike alijifunga kanga kiunoni akaomboleza kwa mzaha, na wengine wakamwitikia, wakilitaja na kulitaja. Kwetu hakuna aliyewahi kuyasema maneno hayo mawili pamoja. Mimi niliyasikia kwa mara ya kwanza nikiwa kwenye mstari, nimeshika kikombe cha uji, watu wakicheka.

Mwalimu Evarista alifungua daftari la zamu, akamwuliza Dorkasi kwa nini hakuurudisha ukuta baada ya kusafisha. Dorkasi aligeuka akaniangalia. Alisubiri. Nilitazama miguu yangu. Basi akasema alisahau, na kwamba anaomba msamaha. Mwalimu alisikitika kuliko alivyokasirika. Alisema tangi lile lilikuwa agano na yeye amelivunja kwa uzembe. Akamwondoa kwenye kazi, na akamwondoa kwenye maonyesho ya sayansi ya Ijumaa hii Karatu mjini, ambayo tulikuwa tumejiandaa tangu Mei. Mama yake alikuwa ameshamshonea sketi mpya.

Nilidhani Dorkasi ameninyamazia kwa kuwa anafikiri nilikosea kwa bahati mbaya. Kweli ndivyo alivyofikiri. Jioni ile alinigawia kande aliyoletewa kutoka nyumbani, akaniambia nisijilaumu, kila mtu husahau. Nilikula, dada. Nilikula mpaka nikamaliza.

Jina lilinyamaza, kama nilivyotaka. Siku mbili, siku tatu, na hakuna aliyelitaja tena. Ndipo nilipojua nilichofanya. Nilikuwa natembea kwenye ukungu nikisikiliza, na hapakuwa na kitu. Ilikuwa kama Desemba ile kwa mara ya pili, ila safari hii aliyemwacha barabarani ni mimi.

Juzi Ijumaa nilishindwa. Nilikwenda ofisini nikamwambia Mwalimu Evarista kwamba ukuta niliuinua mimi, kwa mikono yangu, na nilijua. Aliniuliza sababu, nikasema sina. Alisema hakuna mtu asiyekuwa na sababu, na kwamba siku nikiwa nayo mlango wake uko wazi. Dorkasi amerudishwa kwenye kazi na kwenye maonyesho. Mimi nimeondolewa, na ni haki.

Jana Dorkasi alinikuta bombani. Hakupiga kelele, ningependa angepiga. Aliniuliza amenikosea nini. Akaniuliza tena, ndoo yake imeshajaa na maji yanamwagikia viatuni. Nilifunga bomba. Ndipo akaniambia kwamba mwezi wa sita aliona sweta yangu imeanikwa, imegeuzwa ndani nje, jua likipita kwenye shingo, akasoma matundu yale herufi kwa herufi. Alidhani ni jina langu la nyumbani, lile ninaloitwa na mama yangu, ambalo naona haya kulitumia shuleni. Alisema alitaka samaki mzuri kuliko wote awe mimi. Alisema amefikiri usiku kucha, na ameelewa kwamba sikutaka zawadi yake kiasi cha kuiua.

Kisha akaniambia jambo la mwisho. Karatasi bado iko kwenye kioo. Yule mwekundu alipona, mapezi yake yamechanika lakini anakula, na sasa ndiye anayeishi na wenzake, kwa amani kabisa. Ijumaa, tangi likiwa kwenye maonyesho, wageni watauliza lile jina ni la nani. Alisema hataligusa. Niamue mimi, ibanduliwe au ibaki, na nimwambie kwa nini. Nisipomwambia hataniuliza tena, wala hatakaa tena dawati moja nami. Dorkasi akisema kitu anakifanya.

Ninataka kumwambia. Nataka kumwambia kwamba lilikuwa jina la dada yangu, kwamba alikuwa na sauti kubwa na aliogopa kinyonga, na kwamba sweta ni yake. Lakini tuliobaki ni wewe, mimi na Yeyo, pamoja na Koko, na jina lile si langu peke yangu. Wewe ndiye mkubwa, na wewe ndiye uliyembeba. Siwezi kumpa mtu wa nje kabla hujaniruhusu. Ukikataa nitatii, nitaibandua karatasi na kunyamaza.

Wilson atapita Nainokanoka Jumatano akiwapeleka wageni Empakaai, na atarudi huku Alhamisi. Mpe jibu mkononi, hata likiwa mstari mmoja. Nisalimie Yeyo, mwambie sweta bado ni nzima na viwiko nimevishona. Msalimie Koko na umwambie asitoke nje asubuhi bila blanketi. Nisalimie boma zima, na yule ng'ombe mwekundu mshike shingoni kwa niaba yangu.

Na kama ruhusa ni ngumu kuitoa kwa siku moja, basi nijibu hili tu, kwa ukweli, kama nilivyokueleza mimi: tangu siku ile uliporudi kutoka barabarani, umewahi kulitamka jina lake, hata mara moja, ukiwa peke yako?

Mdogo wenu,
Nailantei